Vigunduzi Vitatu na Ukuta Mmoja

Jumatatu, 2 Septemba

Mama amepiga simu kutoka Quillota. Habari kubwa! Anauza kuku wake wote na kuhamia kwetu Valparaíso. Miguu imegoma, na majirani wa enzi zake wameshazikwa karibu wote. Atafika kabla ya sikukuu ya taifa ya tarehe kumi na nane.

"Kwetu" ndilo neno lenye matatizo. Nyumba hii marehemu shangazi alituachia wawili, mimi na dada yangu Otilia. Tulipokosana tukaikata katikati kwa ukuta wa nguzo za mbao na ubao wa jipsamu. Tangu hapo yeye ana jiko lake na mimi nina langu. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Otilia akipiga chafya, mimi ndiye ninayejifuta.

Nikamuuliza Mama, kwa upole wa hali ya juu, atakaa upande upi. Akasema atakaa pale litakapotundikwa kabati la baba. Ndilo kabati la ukutani alilolichonga marehemu baba, zito kama ndama, na vyombo vyake vyote vimo ndani. Hataki kuliona limekaa sakafuni kama friji. Atakayeweza kulitundika lisianguke, kwake ndiko atakakolala.

Nikasema Mama, hesabu umeshafika. Akasema Otilia naye amejibu hivyo hivyo, sasa hivi tu.

Otilia! Kapigiwa simu kwanza! Kama kawaida.

Lazima nishinde. Tangu nistaafu kule forodhani ninakula mkate nimesimama mbele ya sinki. Mama akiwa hapa kutakuwa na cazuela, ile supu yake ya kuku na boga na mahindi, na mtu hali cazuela amesimama.

Tatizo: kwenye jiko langu ukuta unaofaa ni mmoja tu. Ule wa kati. Kwa Otilia vilevile. Na kabati kama lile halishikwi na jipsamu. Lazima skrubu ziingie kwenye nguzo za ndani, na nguzo hazionekani. Mabomba na nyaya nazo zimo humo humo, mahali fulani. Fundi aliyejenga alihamia Antofagasta na siri yake.

Nimesikia kuna vifaa vya mkononi vinavyoona ndani ya ukuta. Nitachagua kilicho bora kuliko vyote. Kwa bei ndogo kuliko zote.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeshuka mjini kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Nilivaa tai. Nikamwambia muuzaji, binti aitwaye Yasna, kwamba mimi ni mhandisi wa hoteli, na hoteli inataka vigunduzi vya kutosha kujaza gari, ila kwanza nichukue kimoja kimoja cha kila aina nikavijaribu. Bure, bila shaka. Mpango safi!

Yasna akauliza kuta za hoteli zimejengwa kwa nini. Nikasema ni kuta za kawaida. Akasema, "Hakuna ukuta wa kawaida, mzee wangu. Kuna zege, kuna udongo, kuna jipsamu. Kinachoona hapa, pale ni kipofu." Kisha akauliza hoteli ina vyumba vingapi.

Nikasema viwili na jiko.

Hakucheka. Alikohoa tu kwa muda mrefu, ameangalia pembeni. Akanionyesha aina tatu. Ya kwanza ni sumaku tu, ndogo kama kidole gumba. Unaitembeza ukutani, nayo inanasa penye misumari, na palipo na misumari pana nguzo. Ya pili ina betri na taa, na hulia "pii" ikipita juu ya mbao. Ya tatu ina kioo kama cha simu. Inatafuta mbao, inatafuta bomba, inatafuta waya wenye umeme. Kwa bei yake ningeweza kuwanunua kuku wote wa Mama pamoja na banda lao.

Nikamuuliza yeye angechagua ipi. Akasema kwa ukuta wa jipsamu angeanza na sumaku, maana haina cha kuharibika na haina cha kukosea. Nikamwambia asante. Moyoni nikajisemea: huyu ananidharau. Ameiona tai akajua ni ya zamani.

Nimenunua sumaku. Kwa sababu ya bei tu, si kwa sababu ya ushauri.

Jumatano, 4 Septemba

Sumaku imenasa! Mara ya kwanza nilipoiweka ikashika kama ruba. Nikashuka nayo chini, ikanasa tena, na tena. Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Nikasogea kulia, kimya, kimya, kisha mstari mwingine. Kisha wa tatu. Kazi yote imekwisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Rahisi mno. Kitu rahisi namna hii hakiwezi kuwa kweli. Forodhani tulifundishwa hivyo: mzigo usio na tatizo, ufungue.

Na hapo hapo Otilia akaingia. Eti kuazima sukari. Miaka mingi hajaazima sukari kwangu! Akaiona sumaku imening'inia ukutani. Akaniuliza kama hicho ndicho kifaa changu. Nikasema ndicho, cha kitaalamu. Akacheka hadi akashika mlango. Akasema, "Kaka, hicho ni cha kubandikia picha za wajukuu kwenye friji. Na wajukuu wenyewe huna!"

Akaondoka bila sukari.

Nimefuta alama zote tatu za penseli kwa kitambaa chenye maji. Sumaku nimeibandika kwenye friji inishikie bili ya gesi. Kesho kutwa nanunua kile chenye taa. Mtu anahukumiwa kwa vifaa vyake.

Ijumaa, 6 Septemba

Kigunduzi cha pili kimefika jikoni. Kizuri! Cha manjano, kina taa tatu, kinakaa mkononi kama bastola. Karatasi ya maelezo ilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikaitupa. Mtu aliyesoma sheria za forodha hahitaji kufundishwa kubonyeza kitufe.

Ili nikianzishe vizuri, nilikiweka pale pale sumaku iliponasa kwanza. Nilikumbuka mahali kwa sababu ya doa la nyanya. Nikabonyeza. Kikalia kidogo kikatulia. Nikakisogeza kulia. PII! Nikaendelea. PIIII! Taa zote zimewaka, zimewaka, hazizimiki, hadi nilipofika kwenye mstari wa pili wa sumaku, pakawa kimya. Kisha tena PII, kimya kwenye mstari wa tatu, na PII hadi mwisho.

Maana yake iko wazi. Ukuta wote ni mbao tupu, isipokuwa mistari mitatu myembamba! Tulipata fundi mkarimu. Nikacheza cueca, ngoma yetu ya vitambaa, peke yangu kuzunguka meza, na kitambaa cha vyombo mkononi.

Nikachukua msumari nikapiga mahali ilipolia kuliko pote. Ukaingia wote, na nyundo nusura iufuate. Upepo! Nikajaribu pembeni. Upepo. Nikajaribu juu, chini, kushoto. Sasa ukuta umekuwa chekecheke. Nimeufunika kwa kalenda ya duka la nyama.

Nikampigia simu Yasna kulalamika kwamba kifaa ni kibovu. Akaniuliza nilikianzishia wapi. Nikamwambia. Kisha akaeleza kwamba kifaa hiki ukikiwasha hujifunza ukuta mtupu ulivyo, hivyo lazima kianzie mahali patupu. Mimi nimekianzisha juu ya nguzo. Kikadhani nguzo ndiyo utupu na utupu ndio nguzo.

"Umekifundisha uongo, don Eleuterio," akasema, "nacho kinaurudia kwa utii mkubwa."

Nimekata simu. Sijawahi kutukanwa kwa sauti tamu namna ile.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilikuwa dirishani. Si kwa kuchungulia, nilikuwa napumua. Otilia akapanda ngazi za mtaa na mfuko wa duka lile lile. Ndani kuna boksi refu. Nikaona picha pembeni ya boksi: kioo! Cha tatu! Kile chenyewe!

Nikajialika kwake kunywa chai ya jioni. Nilipeleka mkate kama kisingizio. Alikuwa amekifunika kigunduzi kwa kitambaa cha vikombe, akaketi karibu nacho kama kuku juu ya mayai. Tukazungumzia mvua. Tukazungumzia bei ya vitunguu. Nikamuuliza kwa ujanja kama siku hizi ana kitu chochote kipya chenye betri. Akasema ana redio. Nikasema redio unayo tangu zamani. Akasema basi ndiyo hiyo.

Niliona kitu kingine. Pembeni mwa chumba pale palipokuwa na cherehani yake ya pili, ile ya kushonea vitambaa vizito, pana duara la vumbi tu. Nikauliza iko wapi. Akasema ameiuza, mikono inamuuma. Akaniongezea chai ambayo sikuiomba. Akauliza kama nakumbuka Mama alivyokuwa akituimbia akichambua maharage. Nikasema nakumbuka.

Haraka nikaondoka kabla sijalainika. Anajua sana kutumia maharage, yule.

Jumapili, 8 Septemba

NIMEPATA!

Asubuhi nilikuwa nakula mkate, nimesimama. Nikasikia ndani ya ukuta: pii. Kimya. Pii pii. Otilia anapima! Upande wake wa ukuta ni upande wangu wa ukuta! Nguzo ni zile zile! Kwa nini ninunue kigunduzi cha bei ya banda la kuku wakati kinafanya kazi kwa ajili yangu, bure, umbali wa kiganja?

Nikachukua glasi nikaibandika ukutani, na sikio juu yake. Kila kilipolia, nikatia alama ya penseli. Mara alinihisi. Akaita kupitia ukuta, "Eleuterio, unafanya nini hapo?" Nikasema nasikiliza misa. Akasema redio yangu haijawashwa. Nikasema naisikiliza moyoni.

Alipomaliza, nikarudi nyuma nikatazama. Kazi nzuri ya kupendeza! Mstari mmoja wa kusimama, kutoka juu hadi kwenye swichi ya taa. Na mwingine wa kulala, kutoka upande wa sinki, unakatiza ukuta kimo cha kifua changu. Huo wa kusimama ni nguzo, na wa kulala ni mbao ya kukatiza, ile mafundi wanayoweka ili ukuta usiyumbe. Pale pale kabati litakapokaa! Kama vile ukuta ulijengwa ukimngoja Mama.

Masikini Otilia. Ameuza cherehani ili anipimie.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekirudisha dukani kigunduzi cha manjano. Nilidai nirudishiwe hela yangu kwa kuwa kinalia hata mbele ya picha ya Bikira Maria. Yasna akalitazama boksi, ambalo lilikuwa limechanika kidogo na kushikizwa kwa selotepu na plasta ya kidonda. Akakataa. Kwa heshima, lakini akakataa.

Akaniuliza kama nguzo nimezipata. Nikamwambia nimezipata kwa msaada wa chombo cha tatu, chenye kioo, ambacho ni mali ya familia. Akafurahi. Akasema basi niangalie kitufe cha pembeni, kina pande mbili, upande mmoja hutafuta mbao na wa pili hutafuta maji na umeme, na mlio ni ule ule, kwa hiyo lazima mtu atazame kioo, asitegemee... Sikusikia mwisho wake. Nilikuwa naangalia skrubu. Kulikuwa na skrubu kubwa ajabu, ndefu kama kidole cha kati. Nikanunua nne.

Akasema tena, kabla ya kutoboa, nifunge koki kuu ya maji na nizime umeme. Nikasema naam, naam. Wauzaji wanapenda kuongea.

Ijumaa, 13 Septemba

Mama amepiga simu. Atafika Jumapili na gari la binamu linaloleta maparachichi sokoni. Amesema hatatundika kabati kabla ya kujaribu mbao ya kulishikilia. Ataning'iniza gunia la maparachichi kwanza. Gunia likianguka, kwa mwenye gunia lililoanguka halali mtu.

Nikamwambia alete magunia mawili.

Nilimsikia Otilia naye akiongea na simu baadaye. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nilisikia maneno machache tu, maana glasi ilikuwa na chai: kwamba kitanda ameshakitandika, na blanketi ni lile la kijani. Mimi sijatandika kitanda. Mimi ni mtu wa ujenzi. Kitanda kitakuja.

Kutoboa ni kesho. Sijasubiri jambo kwa hamu hivi tangu harusi yangu, na hii natumaini itadumu zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimevaa koti la mvua. Ndani ya nyumba.

Nianze mwanzo. Asubuhi niliweka chai jikoni. Kwa sababu hiyo sikufunga maji. Nilihitaji umeme kwa ajili ya drili. Kwa sababu hiyo sikuzima umeme. Kila kitu kina sababu yake.

Tundu la kwanza nikalianzisha kwenye mstari wa kusimama, juu ya swichi. Drili ikaingia vizuri. Kisha pakalia "pa!", ukatokea mwanga wa bluu, mkono ukafa ganzi hadi begani, na nyumba nzima ikawa giza kwenye kona zake. Drili kimya. Friji kimya. Redio ya Otilia kimya.

Nikaelewa mara moja: umeme umekatika mtaani. Mambo ya jiji hili! Siku ya kazi!

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nina keekee ya mkono ya marehemu baba, isiyohitaji shirika la umeme. Nikahamia kwenye mstari wa kulala. Nikazungusha. Jipsamu ikapita. Kisha nikafika kwenye kitu kigumu, kitamu, kinachokataa. Mbao! Mbao hatimaye! Nikakazana. Jasho likanitoka. Nikasema kwa sauti, "Baba, hii ni yako." Nikazungusha mara ya mwisho.

Maji yalinipiga kwenye jicho la kushoto.

Sijui nguvu ile hutoka wapi. Nikifungua bomba la kuogea hutoka uzi tu, lakini kwenye tundu lile maji yalivuka jiko zima yakaigonga bili ya gesi kwenye friji. Nikaziba kwa kidole. Yakatoka pembeni. Nikaziba kwa kiganja. Yakageukia upande wa pili. Nikasikia Otilia anapiga yowe kule kwake.

"Eleuterio! Umetoboa wapi?"

Nikasema kwenye nguzo ya kulala.

"Nguzo gani inalala, mjinga wewe? Hilo ni bomba! Nimelichora kwa kalamu nyekundu jiko zima! Nililitafuta ili NISILITOBOE!"

"Na ule wa kusimama?"

"Waya! Waya wa taa! Nilipima maji na umeme kwanza, mbao nilitaka kuzipima leo!" Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Ngoja. Wewe umejuaje nilipopima?"

Nikasema simsikii, maji yana kelele.

Akauliza koki kuu iko wapi. Nikamwambia iko kwake. Akasema iko kwangu. Tukabishana hivyo, yeye huku ndoo mkononi, mimi huku nimeukumbatia ukuta kama mtu anayeaga. Jipsamu ikaanza kulainika. Ikavimba tumbo. Kisha kipande kikubwa kikaanguka kwangu, na kingine kikaanguka kwake, na tukaonana. Uso kwa uso, nguzo moja katikati. Nywele zake zilikuwa zimelowa zote. Sijamwona kwa karibu namna ile tangu mazishi ya shangazi. Amezeeka. Amefanana na baba.

Maji yakakoma ghafla.

Tukageuka. Mlangoni kwangu alikuwa amesimama Mama, na kofia yake ya safari. Gari la maparachichi liliwahi siku moja. Alikuwa ameiona koki nje, karibu na geti, akaifunga. Nyuma yake binamu amekumbatia mlango wa kabati. Mama akatutazama, akatazama tundu, akatazama viatu vyake ndani ya maji.

Akasema, "Mmeshaanza kugombana, au mlikuwa mnaningojea?"

Jumapili, 15 Septemba

Fundi bomba amekuja, mama mmoja mnene mwenye haraka. Amebandua jipsamu yote iliyoloa, pande zote mbili. Sasa katikati ya nyumba pana uwazi mpana kuliko mlango. Nguzo tatu ziko wazi, zimesimama zilipo. Ya kwanza iko pale palipokuwa na doa la nyanya. Ni sadfa tu.

Otilia hakuniambia neno tangu asubuhi. Kisha akaniambia mengi. Glasi ndiyo iliyomuudhi kuliko maji. Nikamwambia kama angenishirikisha kifaa chake nisingehitaji glasi. Akasema kama ningemwomba angenishirikisha. Nikasema kama angeniambia nimwombe ningemwomba. Hapo ndipo Mama alipopiga sufuria kwa mwiko.

Alikuwa ameketi kwenye kiti pale penye uwazi, mguu mmoja upande wangu, mmoja upande wa Otilia. Akatuambia tukae chini. Akasema gunia halining'inizwi popote. Kabati litakaa sakafuni, juu ya makreti ya bia, hadi mtu mwenye akili apatikane.

Nikamwambia, lakini Mama, ulisema atakayelitundika.

Akawa anachambua maharage. Hakuinua macho. Akasema, "Niliona aibu kuuliza nani ananitaka. Nikauliza nani ana ukuta."

Otilia akaingia chumbani kwake, akakaa kule kitambo. Mimi nilikuwa na kitu kwenye jicho la kushoto, lile lililopigwa na maji.

Mama atalala kwa Otilia, kwenye blanketi la kijani, maana kwangu bado hakuna kitanda. Atapika kwangu, maana jiko langu lina moto mkali zaidi. Mkate utaokwa kwa Otilia. Kula ni hapo kati.

Cazuela imeiva adhuhuri. Nimekula nimeketi. Nimekula mara ya pili nimeketi vilevile.

Jumatano, 18 Septemba

Sikukuu! Bendera mlangoni, empanada za nyama za Otilia, pombe ya chicha ya binamu. Majirani wameingia kwangu na kutokea kwa Otilia, wengine wamezunguka mara kadhaa kwa raha tu. Mama amecheza cueca amekaa, kwa mikono na kitambaa peke yake, na bado alitushinda wote. Otilia amenichagua mimi kucheza naye. Nikamkanyaga. Akasema hajaumia. Uongo mtamu.

Binamu akauliza kwa nini tuliwahi kuujenga ukuta huu. Tukatazamana na Otilia. Yeye amesahau. Mimi nakumbuka, lakini ni kitu cha kipuuzi, kilihusu birika.

Jumamosi, 21 Septemba

Fundi amerudi kufunga ukuta. Mama ameamua pabaki mlango wa wazi katikati, na pande zote za mlango pafungwe jipsamu mpya. Bomba jipya liko mahali pake, waya uko ndani ya mfereji wake, nguzo zinaonekana zote kama mbavu za ng'ombe. Fundi akasema kabla hajafunga tupige picha, au tuchore sakafuni kila nguzo ilipo, ili siku tukitaka kutundika kitu tusitapetape. Otilia akapiga picha kwa simu, nyingi. Akapima kwa futi. Akanisogezea simu nitazame, akasema ninakili zangu sasa hivi, ni za wote.

Nikamshukuru. Nikakataa. Nilijizuia nisicheke.

Kwa sababu jana nilishuka mjini. Yasna alijaribu kujificha nyuma ya rafu ya rangi, nikamkuta. Kuna kigunduzi cha nne! Kipya, hakijafika dukani, ni cha kuagiza. Kinaona mbao kwa kijani, bomba kwa bluu, waya kwa nyekundu, na kinaona ndani kabisa ya ukuta, hata wa zege. Yasna aliniuliza mara kadhaa kama nina hakika. Akauliza kama bado nina sumaku. Akaniambia hiki kinakuja na kitabu kizima cha maelezo na akanisihi nikisome. Nikamwambia kitabu abaki nacho, ili kupunguza uzito.

Mpango wenyewe ni huu. Kinafika Jumanne. Jumapili inayofuata Otilia atampeleka Mama kanisani. Wakirudi, kabati la baba litakuwa limetundikwa, upande wangu wa mlango. Mama ataliona. Atasema, huyu mwanangu! Na usiku huo atalala wapi? Kitanda nitakinunua wiki ijayo.

Fundi akainua ubao wa kwanza, akaniuliza kwa mara ya mwisho kama nataka kuangalia ndani. Nikamwambia afunge haraka. Mtihani hauna raha kama umeshaona majibu. Nikageukia dirisha, nikalitazama geti mpaka alipopigilia msumari wa mwisho.